Kukata na Kuunga: Historia ya Zawadi za Kushonwa katika Pwani ya Waswahili

1. Utangulizi

Historia ya nguo katika pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya bandari. Majora ya merikani yaliyoteremshwa Unguja yamehesabiwa, barua za wafanyabiashara wa Salem na Bombay zimesomwa na kusomwa tena, na njia za misafara iliyobeba nguo hadi Tabora na Ujiji zimechorwa katika ramani. Sababu ya mwelekeo huo haihitaji kutafutwa mbali. Forodhani palikuwa na daftari. Uani hapakuwa nalo. Kilichoingia bandarini kiliandikwa kwa kuwa kilitozwa ushuru. Kilichofanywa kwa nguo hiyo hiyo baada ya kuvuka kizingiti cha nyumba hakikutozwa, na kwa hiyo hakikuandikwa.

Hata hivyo, nguo iliyoteremshwa bandarini haikuwa bado vazi, wala haikuwa bado zawadi. Ilipaswa kukatwa, kuungwa, kukunjwa pindo na mara nyingi kutiwa nakshi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa nyumbani, hasa na wanawake, na aghalabu ilifanywa kwa ajili ya mtu anayejulikana kwa jina: mume, mwana, mama mzazi, shoga, au mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Mhadhara huu unaichunguza kazi hiyo na zawadi zilizotokana nayo. Hoja yake ni kwamba ushahidi ambao daftari la forodha halikuuweka umehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika lugha yenyewe. Maneno kama leso, pindo, mkaja, kilemba na kuunga yanaonyesha kwamba kanga, kabla ya kuwa bidhaa ya kiwanda, ilikuwa kazi ya sindano. Yanaonyesha pia kwamba uzi ulipochukuliwa na kiwanda, utoaji wa zawadi haukufa, bali ulihamia katika neno.

2. Nguo na msamiati wake kabla ya karne ya 19

Pwani ya Waswahili haikungoja meli za kigeni ili ijue uzi. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa Kilwa Kisiwani umefukua vigurudumu vingi vya kusokotea pamba, ambavyo baadhi vilichongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Kusokota na kufuma zilikuwa kazi za wenyeji karne nyingi kabla ya jora la kwanza la merikani kufunguliwa Unguja.

Msamiati wa ushonaji unaisimulia historia hiyo kwa matabaka. Tendo la msingi, kushona, limebaki na jina la Kibantu. Mapambo na zana zina majina yenye asili ya Kiarabu: darizi, nakshi, mkasi. Cherehani inatoka katika jamii moja na cherehe, ambayo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Leso ni neno la Kireno lililobaki baada ya Wareno wenyewe kuondoka. Kila aliyefika pwani na kitambaa au chombo aliacha neno, lakini tendo lenyewe halikubadilishwa jina. Mshonaji alikuwapo tayari.

Katika karne ya 19 kilichobadilika ni wingi wa nguo. Baada ya mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Said bin Sultan mwaka 1833, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts ilienea pwani na bara kwa jina la merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilidhoofisha biashara hiyo, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na India. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa rangi ya buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, ambayo ilivaliwa na watumwa na watu wa hali ya chini. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha kwamba katika biashara hii wanunuzi wa Afrika Mashariki hawakuwa watu wa kupokea tu kila kilicholetwa. Rangi, upana na uzito wa nguo viliamuliwa na ladha yao, na mfanyabiashara aliyepuuza ladha hiyo alirudi na shehena yake. Ladha hiyo ilitengenezwa majumbani, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni leso.

3. Leso sita na sindano moja

Simulizi ya chimbuko la kanga inajulikana. Katikati ya karne ya 19, leso za rangi ziliuzwa Unguja zikiwa zimechapwa mfululizo katika jora moja, na muuzaji alikata moja moja kwa kadiri ya haja ya mnunuzi. Wanawake wa mjini walianza kununua leso sita zisizokatwa. Walizikata katikati, wakapata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunga kwa urefu. Nguo iliyopatikana ilikuwa na leso tatu kwa upana na mbili kwa kimo, ikatosha kufunga kifuani au kujitanda. Wengine walinunua leso za namna mbalimbali na kuziunga pamoja, hivi kwamba kila nguo ilikuwa na sura yake na haikufanana na ya jirani. Haikupita muda mrefu wenye maduka wakaagiza nguo iliyochapwa nzima kwa kipimo hicho hicho, na mshono wa kati ukatoweka.

Simulizi hii husemwa kwa haraka, kama utangulizi wa habari za viwanda na wafanyabiashara. Inastahili kusomwa polepole zaidi. Kilichobuniwa hapa hakikubuniwa Manchester wala Bombay. Kiwanda kilichapa leso, na mkono wa mshonaji ndio uliopata nguo mpya kutokana nayo. Kwa maneno mengine, kiwanda kilikuja kunakili kazi ya viraka iliyokuwa imekwisha kufanywa kwa sindano.

Lugha imetunza ushahidi wa jambo hilo katika sehemu tatu. Kwanza, katika pwani ya Kenya vazi hili huitwa leso hadi leo, ilhali katika Tanzania leso ni kitambaa kidogo cha mkononi na vazi huitwa kanga. Jina la kipande limebakia kuwa jina la kizima, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama kizima hakikutokana na vipande. Pili, mpaka uliochapwa kuzunguka kanga huitwa pindo. Neno hili linatokana na kitenzi kupinda, na maana yake ya asili ni ukingo wa nguo uliokunjwa na kushonwa usifumuke. Leo pindo la kanga ni rangi tu, lakini jina lake ni la mshono. Tatu, kanga bado huuzwa kwa doti, yaani nguo mbili zilizochapwa pamoja bila kutenganishwa. Mnunuzi ndiye anayezikata na kuzikunja ncha. Zaidi ya miaka 100 ya uchapaji wa viwandani haijaiondoa hatua hiyo ya mwisho mikononi mwa mwenye nguo.

Inafaa kulinganisha hali hii na historia ya fasihi ya wakati huo huo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wa wasia kwa binti yake. Utenzi huo ni zawadi ya mama kwa mwana, na jina la mtunzi linajulikana kwa kila mwanafunzi wa Kiswahili. Wanawake walioziunga leso katika miongo hiyo hiyo walifanya kazi ambayo imevaliwa na mamilioni ya watu, na hakuna hata mmoja wao anayetajwa. Majina yanayotajwa katika historia ya kanga ni ya wenye maduka na wenye viwanda. Tofauti hiyo imetokana na aina ya kumbukumbu zilizowekwa, na wala si ushahidi kwamba kazi moja ilikuwa kubwa na nyingine ndogo.

4. Nguo iliyogeuka kuwa ada

Nafasi ya nguo katika mahusiano ya kijamaa inaonekana wazi katika ada za ndoa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameandika kwa kirefu juu ya posa, arusi na malipo yanayofuatana nazo. Katika desturi za pwani, baba wa bibi arusi hupewa kilemba, na mama hupewa mkaja na mbeleko. Maneno hayo matatu kwa asili ni majina ya nguo. Kilemba hufungwa kichwani. Mkaja ni nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni.

Mantiki ya ada hizi ni nyepesi kueleweka pale maana ya asili inapokumbukwa. Mama anayemwoza binti yake hurudishiwa zile nguo mbili zilizotumika siku za mwanzo za binti huyo duniani: ile iliyomfunga mama tumbo lilipokuwa tupu, na ile iliyomfunga mtoto mgongoni mwa mama. Kwa muda mrefu sasa ada hizi zimelipwa kwa fedha katika sehemu nyingi, na vijana wengi huyajua maneno mkaja na kilemba kama majina ya malipo tu. Neno kilemba limesafiri mbali zaidi, kwani liliitwa hivyo pia tuzo la mwanafunzi kwa fundi wake baada ya kuhitimu kazi, na katika matumizi ya baadaye likawa malipo anayodai mwenye nyumba kwa mpangaji mpya. Nguo imeondoka, lakini jina lake limebaki kama risiti.

Ushahidi wa ndani zaidi umo katika kitenzi kuunga. Vipande vya nguo huungwa. Undugu nao huungwa. Anayekwenda kuwajulia hali jamaa zake anaunga undugu, na anayewatupa anakata undugu. Vitenzi viwili vya mshonaji, kukata na kuunga, ndivyo vitenzi viwili vya ujamaa. Methali isemayo kata pua uunge wajihi inajengwa juu ya jozi hiyo hiyo. Hapana haja ya kudai kwamba maana ya ujamaa ilizaliwa na sindano. Inatosha kuona kwamba Kiswahili hakikuona sababu ya kutenganisha kazi hizo mbili.

Hata hivyo, picha hii isipambwe kupita kiasi. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaitaja kazi ya sindano na darizi kuwa miongoni mwa shughuli za kila siku za wanawake wa jumba la kifalme, wakiwashonea waume na wana wao. Lakini majumba makubwa ya wakati huo yaliendeshwa kwa kazi ya watumwa, na ushonaji haukuwa nje ya kazi hiyo. Zawadi iliyotolewa kwa jina la bibi iliweza kuwa imeshonwa na mkono usiokuwa huru. Mtumwa aliunga undugu wa wengine kwa uzi, huku undugu wake mwenyewe ukiwa umekatwa kwa kuuzwa.

Kwa sababu hiyo mwaka 1897, hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja, una uzito katika historia ya nguo. Laura Fair, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2001, ameeleza jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoiacha kaniki na merikani na kuvaa kanga za rangi kama tangazo la hali yao mpya. Mwanamke aliyekatazwa kujipamba sasa alichagua nguo kwa hiari yake, akaikata, akaikunja pindo na, alipotaka, akampa mwenzake upande mmoja wa doti. Uwezo wa kutoa zawadi kwa jina lake mwenyewe ulikuwa sehemu ya uhuru wake.

5. Kofia ya viua

Iwapo kanga ni mfano wa kazi ya sindano iliyochukuliwa na kiwanda, kofia ya viua ni mfano wa kazi iliyokataa kuondoka mkononi kwa muda mrefu zaidi. Kofia hiyo ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kila sehemu hutengenezwa kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichowekwa tabaka mbili na kushonwa pamoja kwa mishono ya karibu karibu hadi kiwe kigumu. Kanuni yake haitofautiani na ya mfarishi, lile tandiko la tabaka mbili lililotiwa pamba katikati na kupitishwa uzi, ambalo jina lake limebaki zaidi katika kamusi kuliko vinywani. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi. Kisha matundu hutobolewa, na uzi huzungushwa ukingoni mwa kila tundu hadi liwe jicho dogo lisilofumuka. Vijicho hivyo ndivyo viua. Kofia moja iliyoshonwa vizuri huchukua wiki nyingi, na nyingine miezi.

Kofia hizi zimeshonwa kwa ajili ya kuuzwa, na katika Lamu wanaume nao wamezishona. Lakini pande zote za pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja na Komoro, kofia imekuwa pia zawadi ya mke kwa mume, ya mama kwa mwana, na ya mchumba kwa mchumba. Thamani yake kama zawadi imo katika muda. Aliyeipokea alijua kwamba kila tundu lilimpitia mshonaji mkononi, na waliomwona amevaa walijua vilevile. Mwanamume alitembea mjini na ushahidi wa kufikiriwa.

Historia ya kofia hii imevuka bahari. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilizokuwa zimeishi Unguja na Pemba zilihamia Muscat na miji mingine. Zilikwenda na Kiswahili chao, na zilikwenda na kofia. Kofia ya Oman, iitwayo kumma, ni ndugu wa karibu wa kofia ya viua, na leo ni sehemu ya vazi la kitaifa la wanaume wa nchi hiyo. Kwa familia zilizotenganishwa na bahari, kofia iliyoshonwa na jamaa ilikuwa njia mojawapo ya kuunga kile ambacho siasa ilikuwa imekikata. Kofia za mashine sasa zinapatikana kwa bei nafuu pande zote mbili za bahari, lakini ile ya mkono bado huheshimiwa kuliko hizo.

6. Kutoka uzi hadi neno

Swali linalobaki ni hili: zawadi ya kanga ilipata wapi upekee wake baada ya kiwanda kuondoa mshono? Leso zilizoungwa kwa mkono hazikufanana. Kanga za kiwanda zilifanana kwa maelfu. Ilihitajika njia nyingine ya kuifanya nguo moja kuwa ya mtu mmoja.

Njia hiyo ilikuwa jina, yaani usemi unaochapwa juu ya pindo la chini. Desturi hii ilienea katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla na ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, anatajwa sana katika kuieneza, na alama ya Mali ya Abdulla ingali ikijulikana. Lakini duka halikuwa chemchemi ya semi zenyewe. Semi zilichotwa katika methali, nyimbo na mazungumzo ya watumiaji, na wanunuzi ndio walioamua lipi liishi na lipi lisahauliwe. Kwa mara ya pili, kiwanda kilichapa kile kilichokuwa kimekwisha kutengenezwa nyumbani.

Kwa jina, mtoaji alirudishiwa kazi. Anayetaka kumpa mama yake kanga hachagui rangi peke yake. Hupekua doti moja baada ya nyingine hadi apate neno linalomfaa mama. Kanga yenye usemi wa shukrani hupewa mzazi, na yenye kijembe hupelekwa pale inapokusudiwa. Rose Marie Beck, aliyechapisha utafiti mkubwa juu ya maandishi ya kanga mwaka 2001, ameonyesha kwamba ujumbe huo hufanya kazi kwa sababu hausemwi na mtu waziwazi: nguo ndiyo inayosema, na aliyeitoa anaweza kukana. Uangalifu uliokuwa ukitumika katika kuunga vipande sasa unatumika katika kuunganisha neno na mtu. Hata kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilipochapa kanga zenye ujumbe wa taifa, kiliazima chombo ambacho tayari kilikuwa cha watoaji zawadi.

7. Hitimisho

Historia ya zawadi za kushonwa katika pwani ya Waswahili inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba ubunifu uliozaa vazi mashuhuri kuliko yote katika eneo hili ulikuwa ubunifu wa wanawake waliokuwa wakishona, na kwamba masimulizi yanayoanza na kiwanda yanaanza mahali pasipo mwanzo. La pili ni kwamba mahali ambapo kumbukumbu za maandishi zilinyamaza, lugha haikunyamaza. Pindo, leso, mkaja, mbeleko na kilemba ni nyaraka, kwa maana ile ile ambayo daftari la forodha ni waraka.

Lakini nyaraka za aina hii zina udhaifu mmoja: huishi muda ule tu zinapotamkwa. Sehemu za kanzu, yaani badani, taharizi, kikwapa na kaba, zilikuwa maneno ya kawaida kwa yeyote aliyeshona au kuvaa kanzu. Leo wanafunzi wengi huyakuta katika kamusi tu. Majina ya mishono ya kofia na ya nakshi zake yamo hatarini zaidi, kwa sababu mengi hayamo hata katika kamusi. Wanaoyajua ni wazee, wengi wao wanawake, na huyataja wakiwa kazini na sindano mkononi, si wanapohojiwa kwa orodha ya maswali. Taaluma ya Kiswahili imekusanya tenzi, methali na majina ya kanga kwa bidii. Imebakia kukusanya maneno ya mkono uliounga nguo kabla nguo haijaandikwa neno, na kuyakusanya pale pale kazi hiyo inapofanyika, maadamu wapo wanaoifanya.